Niliachiwa kwa Kukosa Mbio

Goti la kulia limevimba. Sauti imekauka. Na tangu jana usiku, katika Wilaya ya Geita, kuna wazee na vijana wa kutosha kujaza Hiace ambao wamenishuhudia nikizunguka mwembe kwa amri, nimevaa bukta, kijana mwenye rungu akikimbia ubavuni mwangu ili nipimwe. Hayakuwa mashindano. Nilikuwa mtuhumiwa, na kosa lenyewe lilikuwa kukimbia usiku bila kuwa na mtu anayenifukuza.

Kijiji sitakitaja. Hakiko mbali na Katoro, na njia yangu ya kurudi nyumbani bado inapita hapo hapo.

Filimbi ya kwanza ilitoka upande wa mihogo. Sikuijali. Ya pili ikaijibu kutoka mbele yangu, karibu na mashine ya kusaga. Ya tatu ikalia nyuma, mahali nilipokuwa nimetoka kupita na ambapo ningeapa mbele ya hakimu kwamba hapakuwa na mtu. Najua mtu mwenye busara angesimama. Lakini kilomita ile ilikuwa inakwenda vizuri kuliko iliyotangulia, na mkimbiaji yeyote atakwambia kwamba kilomita inayokwenda vizuri haikatizwi kwa ajili ya filimbi. Nikaongeza mwendo.

Ndipo ukapigwa mwano.

Asiyewahi kuusikia mwano aelezwe kidogo, maana kitu hiki kinanivutia hata sasa ninapokanda goti kwa maji ya moto. Usukumani na Unyamwezini mwano ni ukelele wa hatari, na una masharti. Anayeusikia hana ruhusa ya kugeukia ukutani akaendelea kulala. Anatoka na alichonacho, anaupokea kwa koo lake mwenyewe, anamrushia jirani, kisha anakwenda ulikotokea. Hakuna vocha inayokwisha, hakuna mtandao unaosumbua, hakuna namba ya dharura inayoita bila kupokewa. Sungusungu, hawa walinzi wa vijiji wenye filimbi, walipoanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na silaha zimezagaa, ng'ombe wanaibwa kwa bunduki, na wenye ng'ombe wakajibu kwa filimbi, mishale na sauti. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata. Mwanaanthropolojia wa Cambridge, Ray Abrahams, alikuwa amekwisha kuandika makala juu yao mwaka 1987, ingawa sidhani kama utafiti wake ulihitaji bukta.

Usiku wenyewe pia uko upande wao. Mchana jua linachoma ardhi, hewa ya chini inakuwa na joto kuliko ya juu, na sauti inapinda kwenda angani ikapotelea huko. Usiku mambo yanageuka. Ardhi imepoa, hewa iliyoilalia imepoa nayo, ya juu bado ina vuguvugu, na sauti ambayo ingepotelea mawinguni inapindishwa kurudi chini, inatua kwenye masikio ya watu walio mbali. Ndiyo maana usiku unasikia ngoma ya kijiji ambacho mchana hukumbuki kama kipo. Sasa piga hesabu: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mimi, siku nikiwa nimelala vizuri, nakwenda mita mbili na nusu. Kabla sijamaliza hatua nane, watu walio kilomita nzima mbele yangu walikuwa wameshapata habari zangu na wanatafuta viatu.

Nikasimama. Tochi zikanizunguka.

"Kaa chini."

Nikakaa. "Shikamooni," nikasema kwa duara lote, kwa kuwa sikuona sura ya yeyote.

"Marahaba," zikajibu sauti kadhaa, moja yake ya kijana ambaye nina hakika nimemzidi miaka kumi.

Kiongozi wao, ambaye sungusungu humwita mtemi, alikuwa mzee mwembamba aliyejifunga shuka juu ya koti. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko marungu.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, mzee."

"Nyuma yako kuna nani?"

"Hakuna."

"Mbele unakowahi kuna msiba? Mgonjwa?"

"Hakuna, mzee. Ni mazoezi."

Neno hilo likapita kwenye duara likijaribiwa na kila mtu. Mtemi akatafakari, kisha akauliza swali ambalo nimelala nalo na nimeamka nalo: "Huna jembe?"

Kupekuliwa kukaanza. Walianza na tochi ya kichwani. Kwingineko duniani tochi hii ni usalama wa mkimbiaji; katika ukanda wa dhahabu ni kitambulisho cha mchimbaji, na mtu anayeonekana nayo usiku mbali na duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, yuko njiani kwenda kushuka kwenye duara la mwenzake. "Unashuka kwa nani?" wakaniuliza, na kijana mmoja akanikagua viganja kutafuta vumbi la mawe. Hakulikuta. Badala ya kunisaidia, viganja laini vikaongeza shaka.

Ikafuata riflekta. Niliinunua mnadani, ya mtumba, ya rangi ya chungwa yenye mistari ya fedha, na kwa bei ile sikuwa na sababu ya kusoma maandishi ya mgongoni. Katibu, aliyekuwa na miwani na daftari, akanigeuza na kusoma kwa sauti. Imeandikwa MGENI, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa.

"Mgeni wa nani?" akauliza mtemi.

Sikuwa na jibu. Wakanong'onezana kwamba vazi hilo ni la mgodini, na mtu aliyetoka mgodini usiku mbio mbio kwa kawaida huwa na kitu. Mfukoni wakakuta kikaratasi chenye unga mweupe. "Glukosi," nikasema. Hakuna aliyenigusa tena. Mtemi akakiangalia kikaratasi kwa umbali wa heshima, akasema, "Lamba." Nikalamba wote, mkavu, nikiwa na kiu, tochi zote zikielekezwa kwenye ulimi wangu, na watu wakasubiri kuona nitageuka nini.

Hapo ndipo mwanamke akazungumza kutoka kwenye bukta yangu.

Ilikuwa programu ya simu, ile inayopima mbio, na hutangaza habari kila baada ya dakika kadhaa kwa Kiingereza cha mtu asiye na wasiwasi. Wazee wawili walirudi nyuma. Katibu akatega sikio, akanyoosha kidole kuomba utulivu, kisha akawatafsiria wenzake rasmi: "Anasema mwendo wake umeshuka sana."

"Hilo tunaliona," akasema mtemi. Nilikuwa nimekaa chini.

Nikafikiri simu itaniokoa. Programu huchora ramani ya njia uliyopita, mstari mwekundu juu ya picha ya ardhi, na ushahidi gani mwingine anautaka mtu? Nikamkabidhi katibu. Vichwa vikainama juu ya kioo. Kimya kirefu. Kisha mmoja akatambua barabara, mwingine kisima, wa tatu shamba la shemeji yake, wakafurahi kweli, na kwa nusu dakika nilikuwa mwalimu wa jiografia. Halafu kidole kikasimama.

"Hapa umezunguka zizi."

"Nilikuwa namkwepa mbwa."

"Mbwa wangu nimemfunga tangu saa kumi na mbili," ikasema sauti nyuma yangu.

"Na hapa," akasema katibu polepole, akikikuza kioo kwa vidole viwili, "umepita ndani ya nyumba."

Mwenye nyumba alikuwepo. Akaomba aoneshwe. Mstari mwekundu uliingia ukutani kwake upande wa mashariki, ukavuka chumba alichokitaja kwa jina la mke wake mdogo, ukatokea jikoni.

Sijawahi kufundisha kitu kwa moyo wote kama nilivyofundisha habari za setilaiti usiku huo. Nikawaambia kwamba simu haijui iko wapi, inasikiliza tu. Juu yetu, kilomita zaidi ya 20,000, zinazunguka setilaiti za Marekani, ishirini na nne kwa uchache, na kila moja imebeba saa ya atomiki na kazi moja ya kutangaza muda wake mchana na usiku. Simu inalinganisha: tangazo hili limechelewa kiasi hiki, lile kiasi kile, kwa hiyo niko mbali na hii umbali huu na mbali na ile umbali ule. Ikizipata nne, inajipatia mahali ilipo. Lakini mawimbi hayo yanakwenda kwa kasi ya mwanga, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Saa za huko juu hazikosei kiasi hicho, ila hewa inachelewesha mawimbi kidogo, bati linayarudisha, mti unayadhoofisha, na mwisho wa yote mstari unasogea mita tano, mita kumi, unaingia chumbani kwa watu wazima ambao mkimbiaji hajawahi kuwaona.

"Kwa hiyo aliyeingia ni setilaiti," akasema katibu.

"Ndiyo."

Mwenye nyumba hakuridhika, na hadi naandika haya sidhani kama ameridhika. Lakini mtemi alikuwa ameshahama. "Ng'ombe akivalishwa kitu hiki," akauliza, "akiibwa, tutauona mstari wake?" Nikamwambia ndiyo, vipo vya kufunga shingoni. Wazee wakasogea. Betri inakaa siku ngapi? Mwizi akikitupa mtoni je? Ng'ombe akichinjwa, mstari unaishia hapo au unaendelea na mkaanga nyama? Hayo ni maswali ya watu wanaojua wizi kwa undani, na kwa muda mfupi nilisahau kwamba ni mimi niliyekaa chini. Swali la mkaanga nyama sina jibu lake.

Kisha mtemi akatazama mwezi. "Usiku usituishie hapa," akasema. "Mtu akisema yeye ni fundi, mpe kazi. Unasema unakimbia kwa mazoezi. Kimbia."

Wakanionesha mwembe. Wakanipa kijana wa kwenda naye, yule yule aliyeitikia shikamoo yangu, amevaa makatambuga ya tairi na ameshika rungu ambalo hakuona haja ya kuliacha. Nikafunga kamba za viatu, viatu vilivyonigharimu kodi ya mwezi, vyenye soli ya mapovu ambayo kwa maelezo ya muuzaji inarudisha nguvu ya kila hatua. Mzunguko wa kwanza tulikwenda sawa. Wa pili alikuwa mbele yangu. Wa tatu alikuwa amegeuka, anakimbia kinyumenyume ili asinipoteze, akiniuliza habari za bei ya viatu. Mimi nahema kama mvukuto wa mhunzi. Wa nne mzizi wa mwembe ukanishika mguu na goti likatua kwanza.

Hakuna aliyecheka mara moja. Walisubiri mtemi. Naye akasema kwa upole, na hukumu hiyo nitakwenda nayo kaburini: "Mwachieni. Huyu angekuwa mwizi tungemkamata mwaka juzi."

Ndipo wakacheka. Katibu akavua miwani kufuta machozi. Akasema Alphonce Simbu alishinda mbio ndefu za dunia kule Tokyo mwezi Septemba 2025, akamwacha Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na kwamba mimi nikianza naye ningefika kwenye sherehe za Uhuru. Nikajitetea, nimeshika goti, kwa kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho, saa nzima baada ya mshindi, giza limeshatanda. Huyo ni Mtanzania aliyekimbia usiku na dunia ikampigia makofi. Mtemi akalipima jambo hilo kwa haki. "Yeye alitumwa," akasema. "Wewe nani kakutuma?"

Kabla ya kuachiwa ilibidi niandikwe. Jina, balozi, nyumba ya nani. Katibu akafungua kurasa za nyuma za daftari, kidole kikashuka, kikasimama, uso ukang'aa. Nilikuwemo! Nilikuwa nadaiwa mchango wa ulinzi. Sasa nisikilizwe hapa, maana hili si la kucheka: mchango huo mwenye nyumba wangu anaukata kila mwezi pamoja na kodi, kwa maneno yake mwenyewe anaupeleka, na haujawahi kufika. Nilieleza. Mtemi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ulikuwa na unachokikimbia." Nikalipa kwa simu, palepale, pamoja na ya kutolea, kwa watu waliokuwa wamenikamata, na nikapewa risiti ya mkono. Lakini deni ndilo lililonitambulisha. Kitambulisho cha Taifa hakikuwashughulisha hata kidogo. Jina kwenye orodha ya wadaiwa ndilo lililowafanya waniite kwa ukoo.

Mengine yaliyonipata kwenye barabara hizi ni madogo. Bodaboda wamenipigia honi nikiwa na riflekta wakiniuliza pikipiki yangu imeharibikia wapi, na mama mmoja alinisimamisha anipe mzigo wa kwenda Buseresere. Fisi niliyemkimbia nje ya Geita mjini alikuwa mbuzi. Fisi niliyedhani ni mbuzi, upande wa Shinyanga, sitamzungumzia.

Mtu atauliza kwa nini nisikimbie jioni kama watu. Jioni ipi? Jua la Geita linazama karibu nusu saa baada ya la Dar es Salaam, kwa kuwa saa ni moja kwa nchi nzima na sisi tuko magharibi, na likishaamua kuzama halina mazungumzo. Tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Jua linashuka wima, na kati ya mwanga wa kuona mchwa na giza la kutouona mkono wako kuna nafasi ya kubadilisha nguo na kutafuta soksi ya pili. Alfajiri ni hivyo hivyo, ila na malori zaidi.

Kwa hiyo nilisoma maelekezo ya usalama, yale yanayotolewa kwa wakimbiaji wa miji yenye lami. Vaa kinachong'aa. Pita penye taa. Kimbia ukiyatazama magari usoni, yaani kwetu sisi tunaoendesha kushoto, mkimbiaji akae kulia. Mwambie mtu unakokwenda. Yote ni kweli. Shida ni kwamba yameandikwa kwa kudhani hatari pekee ya usiku ni kutoonekana. Huku nilionekana vizuri sana. Riflekta ilifanya kazi yake kwa ukamilifu: walinitambua kutoka mbali kwamba simo.

Na riflekta yenyewe nimeichunguza, kwa kuwa ni kitu cha ajabu kuliko bei yake. Ile mistari ya fedha haina taa. Imepakwa vishanga vya kioo vidogo kuliko punje ya chumvi, maelfu kwa maelfu. Mwanga unaingia kwenye kishanga, unapinda, unagonga sehemu ya nyuma, unapinda tena, na unatoka ukirudi karibu pale pale ulikotoka. Kioo cha kawaida kinautupa mwanga upande mwingine. Kishanga kinaurudisha kwa aliyeutuma. Ndiyo maana dereva, ambaye macho yake yako karibu na taa zake, anakuona unawaka, na mtu aliyesimama pembeni haoni kitu. Macho ya mbwa na fisi gizani yanatumia ujanja unaofanana, kwa utando unaong'aa nyuma ya jicho, na Mwingereza Percy Shaw aliuweka kwenye lami mwaka 1934 kwa vile vioo vya katikati ya barabara vinavyoitwa macho ya paka.

Umeelewa sharti lake? Riflekta inarudisha mwanga, haiutengenezi. Inamtegemea yule anayekuja awe na taa. Sasa njoo barabara ya Geita kwenda Bwanga saa mbili usiku. Pikipiki isiyo na taa inakuja kwa kelele tu. Inayokuja na taa moja, unayoidhani pikipiki, ni Fuso lenye taa moja, na utaligundua upana wake ukiwa tayari mtaroni. Lori lililoharibika limeegeshwa katikati ya njia, na mwenye lori, kwa kukujali, ameweka matawi mabichi nyuma yake ili uyaone. Matawi! Usiku! Riflekta yangu ya MGENI imewahi kurudisha kwa uaminifu mwanga wote uliotumwa na magari ya aina hiyo. Jumla yake ni sifuri.

Ndani ya uzio wa mgodi mambo ni tofauti. Ukisimama kwenye kilima usiku unauona mgodi mkubwa unawaka hadi mawingu yake yana rangi. Huko hakuna anayetembea bila riflekta. Gari dogo linafungwa taa ya kuzunguka na fimbo ndefu yenye bendera, kwa sababu dereva wa lori la kubeba mawe amekaa juu kuliko paa la nyumba na gari dogo likimsogelea sana halioni. Gari likirudi nyuma linapiga kelele kuomba radhi. Kila mtu amehesabiwa alipoingia na atahesabiwa akitoka. Kumbe inawezekana! Sayansi ya mtu kutogongwa gizani tunayo, mkoani kwetu, na ina uzio.

Nje ya uzio kuna mashimo. Kuanzia Mgusu hadi Nyarugusu na Rwamgasa, na porini mahali pengi pasipotajwa, duara likiacha kutoa dhahabu linaachwa wazi. Wenyewe wamesikia kuna rashi, yaani dhahabu mpya, mahali pengine, wameng'oa hata matimba ya kuzuia kuta, wameondoka. Nyasi zinafunika mdomo. Nimejifunza kuyaona kwa ufundi: jicho lina seli za aina mbili, na zile za gizani zinatumia kemikali inayoitwa rodopsini, ambayo inaungua papo hapo kwa mwanga mkali na kuchukua karibu nusu saa kujijenga tena. Fuso moja lenye taa moja likikumulika, umekuwa kipofu kwa kilomita kadhaa zinazofuata. Tena katikati kabisa ya jicho seli hizo hazipo, kwa hiyo gizani kitu unachokikazia macho kinatoweka, na unachokiangalia kwa pembeni kinajitokeza. Watazama nyota wanajua. Nami nakimbia nikiliangalia shimo kwa pembeni, kwa adabu, kichwa kimegeuzwa, na anayeniona anaongeza hilo kwenye orodha ya mambo ya kuniuliza. Ufundi wote huo wa nini? Shimo linafukika kwa beleshi.

Na kuna lingine, ambalo usiku ule nilikuwa nalo rohoni hata wakati wa kicheko. Mimi niliulizwa maswali kwanza. Wale wazee walinikalisha, wakanisikiliza, wakanipima mbio, wakaniandikia risiti; ni mahakama nzuri kuliko baadhi ninazozijua. Magazeti yetu yana msemo wa kudumu wa "wananchi wenye hasira kali", na huwa unatokea mwishoni mwa habari ya mtu ambaye hakuulizwa. Kanda hii imeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe umeyachoma kwa miaka hamsini ya kuwapikia watu wale wale. Imewafanya watu wenye ualbino wafunge milango kabla jua halijazama. Jirani yangu, mwalimu, mwanamke mwenye mbio kunizidi mara mbili, alisikia habari zangu asubuhi akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia twende wote siku nyingine. Kicheko kikakatika. "Mimi?" akasema. "Usiku?" Ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Kisii, mkimbiaji wa usiku ni mchawi anayejulikana, ana ukoo na ana desturi, watu wanamtania na kumwogopa. Huku kwetu mwanamke akikimbia usiku hana hata mzaha wa kumkinga.

Basi nina maombi, na sina haya nayo. Mwenye duara lisilotoa tena, lifukie kabla ya kuhamia rashi nyingine. Mwenye Fuso, taa ni mbili. Mwenye nyumba wangu, risiti ninayo. Na wewe unayekuja huku na viatu vyako vipya na tochi yako ya kichwani, usianze na barabara. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, mchana, ukiwa umevaa suruali ndefu. Mtajie jina, mlipe mchango wa ulinzi mkononi mwake, na mwambie utapita saa ngapi na kwa mwendo gani. Kuhusu mwendo, usijisifu.